Mimba ya Marehemu Babu

Sehemu ya Saba

"Dada, marehemu babu yako alikuwa mjamzito."

Wiki nzima mmenisumbua kwa sentensi hiyo moja. Muuza magazeti wa kona ya kwetu ananiambia kuna mama kamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyeikata hadithi pale. Haya, tulieni. Tuko pale pale tulipoachana: Idara ya Uhamiaji, chumba cha kumbukumbu, dirisha namba nne, Ijumaa saa sita na nusu mchana.

Ndani ya kioo kakaa karani tunayemwita Miwani. Nje ya kioo kasimama Fundi wetu, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni kwa sababu alitoka dukani mbio.

"Rudia," akasema Fundi.

"Nasoma kilichoandikwa. 'Taarifa ya daktari wa mpakani. Jinsi: mwanamume.' Halafu hilo neno limekatwa kwa kalamu nyekundu. 'Moyo: mzuri. Mapafu: safi. Meno: yote yapo. Mimba: miezi minne.'"

"Mimba ya nani?"

"Ya mwenye faili."

"Mwenye faili ni babu yangu!"

"Ndiyo hivyo, dada. Hongera."

Kwenye foleni mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

Kama wewe umeanza kutusoma leo, nakupa kwa ufupi. Fundi ameshona kwenye duka la ukoo wao kwa miaka ishirini na miwili. Kesho Jumamosi, saa nne, mbele ya ndugu wote, Shangazi yake anataka kumkabidhi mtu mwingine funguo za duka hilo. Shangazi ni mwalimu mkuu mstaafu, na hata akiomba chumvi mezani utadhani anatangaza matokeo ya mtihani. Mtu mwingine huyo ni mwanawe mwenyewe. Sababu? Eti ufundi uliingia nchini na Babu, mwanamume, basi duka lifuate mstari wa wanaume.

Usiniulize mtoto wa binti anakuwaje mstari wa wanaume. Muulize Shangazi. Mimi namwogopa.

Mwanawe huyo hajui kutia uzi kwenye sindano, ila tangu mwezi uliopita anataka aitwe Meneja.

Fundi akasema kama ni mambo ya Babu, ngoja nikamsikie Babu mwenyewe. Akajaza fomu ya kuomba kumbukumbu zake za kuingia nchini. Akaambatisha cheti cha kifo na uthibitisho kwamba yeye ni mjukuu, akasubiri wiki kumi na moja. Alitaka kitu kidogo tu: kuona Babu aliandika nini kuhusu ufundi wake siku aliyoingia.

Aliomba ufundi. Kapewa mimba.

"Nionyeshe picha," akasema.

Miwani akaligeuza faili akalibana kwenye kioo. Picha ndogo, imekuwa ya rangi ya chai. Kofia ya kiume. Koti lenye mabega mapana. Na chini ya kofia macho mawili yanamtazama mpiga picha kama mtu ambaye ameshamshinda, anangoja tu mwenzake agundue.

Fundi aliyajua macho hayo. Asubuhi ile ile yalikuwa yamemkodolea jikoni.

"Huyu si Babu," akanong'ona. "Huyu ni Bibi!"

"Bibi yako naye ni marehemu?"

Hapa ndipo angeuma ulimi. Hakuuma.

"Marehemu wapi! Yuko nyumbani, asubuhi kanigombeza chai haina moto."

Pap! Faili likafungwa.

"Basi siwezi kukupa."

"Kwa nini?"

"Faili la marehemu tunampa mjukuu. Faili la mtu aliye hai tunampa mwenyewe, au aje aandike ridhaa mbele yetu. Ungenyamaza, dada, saa hizi ungekuwa nalo mkononi."

"Basi amekufa."

"Dada."

"Anaumwa sana. Sana."

"Mlete. Tunafunga saa tisa. Baada ya hapo ni Jumatatu."

Jumatatu! Jumatatu Meneja atakuwa amekaa kwenye kiti chake pale dukani, anazungusha funguo kidoleni. Fundi akatoka mbio, tepu inapepea.

* * *

Nyumbani akapitia mlango wa nyuma. Sebuleni Shangazi alikuwa anapanga viti, na Meneja amesimama mbele ya kioo cha kabati anajaribu kushika mkasi wa kitambaa kama mtu mwenye mamlaka. Aliushika upande usio wake.

Bibi, miaka themanini na saba, alikuwa chumbani kwake, kakaa ukingoni mwa kitanda anakunja upindo wa pazia. Bila miwani.

Fundi akafunga mlango. "Bibi, natoka Uhamiaji."

Sindano ikasimama. Halafu ikaendelea.

"Bado wapo?"

"Wapo. Nimeiona picha."

"Kofia ilinikaa?"

"Bibi!"

"Nakuuliza, kofia ilinikaa? Siku ile hapakuwa na kioo. Miaka yote nimekuwa najiuliza."

Fundi akakaa chini sakafuni. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa hasira, hata kwa Bibi kukana kila kitu. Hakujiandaa kwa swali la kofia.

"Ilikukaa," akasema. "Lakini Bibi, faili hawanipi mpaka uje mwenyewe. Na saa tisa wanafunga."

Bibi akakata uzi kwa meno, akachomeka sindano kwenye mto. "Nipe viatu."

Walipofika sebuleni Shangazi akasimama katikati ya njia.

"Mnakwenda wapi? Na wewe, umevaa tepu shingoni kama mbuzi aliyekata kamba!"

"Shikamoo, Shangazi. Nampeleka Bibi kwa…"

"Kwa daktari wa meno," akasema Bibi.

"Mama, una meno mawili."

"Hayo hayo. Yanagombana."

Wakapita. Shangazi akabaki ameshika kiti, anafikiri. Na Shangazi akianza kufikiri, msomaji wangu, watu hutafuta pa kujificha.

* * *

Kwenye teksi, Fundi hakumpa Bibi hata nafasi ya kufunga mkanda.

"Sema."

"Niseme nini? Babu yako alipata barua ya kazi huku. Hospitali ilitaka fundi wa kushona mashuka na nguo za wauguzi. Walitaka mwanamume, hodari."

"Na Babu alikuwa hodari?"

"Wa kuandika barua, sana. Kushona nilikuwa najua mimi. Tukakubaliana: yeye atakuwa fundi wa karatasi, mimi fundi wa cherehani. Tukapewa vibali viwili, cha mume na cha mke. Cha mke kilisema asiingie bila mume. Cha mume hakikusema lolote kuhusu mke."

"Halafu?"

"Halafu treni ikafika darajani, pale kabla ya mpaka. Ikasimama. Babu yako akasema anashuka kidogo akaangalie daraja lina urefu gani."

Dereva wa teksi akapunguza sauti ya redio.

"Akaangalia," Bibi akaendelea. "Lilikuwa refu. Na chini maji yanakwenda kasi. Treni ikapiga honi. Akanitazama, nikamtazama. Akasema, 'Tangulia, nakuja na inayofuata.'"

"Akaja na inayofuata?"

"Alikuja. Baada ya miezi kumi na minne."

Dereva akapitiliza kona.

"Baba, tulikuwa tunakata kulia," Bibi akamwambia.

"Samahani, bibi. Endelea tu, nitazunguka."

"Kibali cha mke kilikuwa mfukoni mwa shati lake, amebaki nacho. Cha mume kilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa kwenye kiti, na kofia juu ya koti. Mimi nina mimba changa, sina mtu, treni inavuka. Wewe ungefanya nini?"

Fundi alikuwa anaitazama mikono ya Bibi, mikono ile iliyomfundisha kushika kitambaa kabla hajajua kusoma. Siku zote walimwambia kwamba Bibi alijifunza kushona kwa mumewe. Leo ndipo akajiuliza: hivi nani aliwahi kumwona Babu ameshika sindano?

"Mbona ulinyamaza miaka yote hii?"

Bibi akatazama nje ya dirisha.

"Babu yako alipenda kusimulia. Mara ya kwanza alisema 'tuliingia'. Mara ya pili akasema 'niliingia'. Mara ya tatu mlikuwa mmeshazaliwa, mmekaa miguuni kwake mnampigia makofi. Ningemkatia wapi? Nilimpenda. Nikamwachia."

Akamgeukia Fundi.

"Ila kumwachia yeye ni jambo moja. Sikumwachia huyu wa kushika mkasi kichwa chini."

* * *

Saa tisa kasoro dakika ishirini. Dirisha namba nne.

Miwani yupo, lakini nyuma yake kasimama Mkuu wa Kumbukumbu. Wafanyakazi humwita Bwana Kanuni, akiwa hayupo. Faili liko mikononi mwake, na kwenye jalada kuna mhuri mpya wa wino mbichi: MAREHEMU.

"Nimemleta mwenye faili," akasema Fundi, anahema.

"Mwenye faili amefariki," akasema Bwana Kanuni. "Cheti cha kifo umekileta mwenyewe. Mhuri umeshapigwa."

"Lakini huyu hapa, amesimama!"

"Naona bibi amesimama. Mwenye faili amefariki."

Bibi akasogea kwenye kioo. "Amefariki lini?"

"Miaka tisa iliyopita. Mwezi wa tatu."

"Kumbe! Ndiyo maana tangu wakati ule sina hamu ya kula."

Miwani akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

"Sawa," Fundi akasema haraka, "kama amefariki, nipe mimi. Mimi ni mjukuu."

"Haiwezekani. Karani ameandika hapa kwamba yuko hai."

"Basi kama yuko hai mpe yeye!"

"Cheti kinasema amefariki."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Hilo," akasema Bwana Kanuni kwa upole, "litaamuliwa na kikao."

"Kikao lini?"

"Robo ya pili ya mwaka ujao."

Saa ya ukutani ikagonga dakika nyingine. Fundi akaitazama. Wiki kumi na moja, kisha kikao!

Bibi akagonga kioo kwa ukucha. "Baba, humo ndani kuna sahihi ya huyo aliyeingia?"

"Ipo."

"Ifunike usinionyeshe. Nipe kalamu."

Akaandika nyuma ya bahasha ya Fundi. Aliandika jina la mumewe bila kuinua kalamu hata mara moja, kisha akavuta mkia mrefu ukarudi chini ya jina lote na kumalizikia kwenye kifundo kidogo, kama mtu anayefunga uzi.

Fundi akatoa macho. Sahihi hiyo aliiona kila siku ya maisha yake. Ilikuwa kwenye leseni ya duka, ndani ya fremu, juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Bibi… leseni ya duka uliisaini wewe?"

"Nani mwingine? Babu yako alikuwa anaumwa mafua."

Bwana Kanuni akalinganisha. Akaleta kioo cha kukuzia. Akalinganisha tena. Akamwita Miwani, wakainama wote wawili, vichwa vikagongana.

"Zinafanana," akasema mwishowe, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. Akachukua kalamu, akakata neno MAREHEMU, akaandika pembeni: *Amefufuka. Ameonekana dirishani.* Akasaini.

Faili likapita chini ya kioo.

Na Fundi alipoligusa tu, nyuma yake ikasikika sauti iliyonyamazisha foleni nzima.

"Daktari wa meno yuko dirisha namba ngapi?"

Shangazi! Kumbe amewafuata kwa teksi nyingine, na Meneja nyuma yake, bado ana mkasi.

* * *

"Faili hilo la baba yangu lirudishwe!" Shangazi akaamuru. "Nani kawaruhusu kumchokonoa marehemu? Mzee wa watu aliyeingia nchi hii peke yake, bila woga, akavuka lile daraja…"

"Alishuka," akasema Bibi.

"Alishuka wapi?"

"Kabla ya daraja. Msomee, mjukuu wangu."

Fundi akasoma. Hakupandisha sauti wala hakukejeli, maana maneno yenyewe yalitosha. Jinsi, mwanamume, imekatwa. Moyo mzuri. Mapafu safi. Mimba miezi minne. Akasoma na tarehe ya kuingia.

Shangazi akahesabu kwa vidole kutoka tarehe hiyo hadi siku yake ya kuzaliwa. Akahesabu tena kwa mkono mwingine, labda ule ungekuwa na jibu tofauti.

Miezi mitano.

"Mama," akasema, sauti imeshuka. "Hiyo mimba…"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Uliingia nchini bila kibali, mwanangu. Mwalimu mkuu mzima."

Miwani hakuweza kujizuia. "Kuna na faili la pili," akasema. "Yamefungwa kwa kamba moja." Akalisukuma chini ya kioo kabla mkuu wake hajamzuia.

Faili la pili lilikuwa na jina la Bibi. *Mke wa aliyetajwa hapo juu. Kazi: mama wa nyumbani.* Na kwenye picha, msomaji wangu, alikuwa Babu mwenyewe, kakodoa macho, masharubu yake yamefika karibu na masikio.

Meneja alicheka wa kwanza. Shangazi akamshika sikio bila hata kugeuka, jinsi walimu wanavyojua. Lakini macho yake hayakutoka kwenye picha. Alikuwa anamtazama baba yake, shujaa wa daraja, mama wa nyumbani.

"Maskini Baba," akasema polepole. Na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo, ikatulia.

Hapo hapo Bwana Kanuni akakohoa.

"Nimesikia vya kutosha. Maelezo ya uongo mpakani. Mara mbili! Mafaili yote mawili yanakwenda kitengo cha sheria. Kama mzizi ni wa uongo, basi na vitambulisho vya ukoo mzima, na pasi zenu zote, vitasimamishwa."

Kicheko kikafa. Hata watu wa foleni wakarudi nyuma hatua moja, kana kwamba ukoo huu una upele.

Fundi akalibana faili kifuani. Yeye ndiye aliyejaza fomu. Yeye ndiye aliyemleta Bibi hapa, miaka themanini na saba, kwa ajili ya duka. Na sasa Bibi kasimama ameshika ukingo wa dirisha.

"Bibi, nisamehe," akanong'ona.

Lakini mtu akampita kwa kishindo. Ni Shangazi.

"Wewe," akamwambia Bwana Kanuni, akimnyooshea kidole. "Faili hilo umelisoma lote?"

"Nimesoma yanayohusika."

"Nimeuliza lote! Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na minne. Anayefeli kila mwaka ni yule yule asiyegeuza karatasi. Geuza!"

Bwana Kanuni, na heshima zake zote, akajikuta amesimama wima. Fundi akageuza karatasi ya mwisho. Kweli, nyuma yake palikuwa na mwandiko mwingine, mkubwa, wa mtu mwenye haraka. Shangazi akampokonya, akasoma kwa sauti ya paredi:

"'Mwombaji si mwanamume. Nimeona mwenyewe na daktari ameona. Nilimwambia arudi. Akasema shati langu limechanika begani, akaomba alishone kabla hajaondoka. Amelishona nikiwa nimelivaa, na sikuchomwa hata mara moja. Hospitali inahitaji fundi, haihitaji masharubu. Namba ya kibali imeshaandikwa kwa wino na haifutiki. Aingie.'" Akapumua. "Sahihi. Mhuri wa Ofisa Mkuu wa Mpaka. Na chini yake, miezi kumi na minne baadaye, mwandiko huo huo: 'Mume ameshaingia. Aliyebaki ni mke. Aingie naye, na anyoe.'"

Akampitishia Bwana Kanuni karatasi hiyo chini ya kioo.

"Sasa," Shangazi akasema, "uongo uko wapi? Mama yangu kamdanganya nani? Serikali ilijua, ikaandika, ikagonga mhuri. Au unataka kuniambia mhuri wa idara yako mwenyewe ni wa uongo?"

Kwa mtu kama Bwana Kanuni, msomaji, hilo ni tusi kubwa kuliko la nguoni. Akauinamia mhuri. Akaupima kwa rula. Akaugusa kwa kidole.

"Mhuri ni halali," akakiri.

Foleni yote ikapiga makofi. Miwani naye akapiga, kisha akakumbuka yuko kazini.

* * *

Shangazi akakaa kwenye benchi la mbao kando ya ukuta. Nguvu zimemwishia ghafla. Bibi akakaa pembeni yake, na kwa muda mama na binti wakatazama sakafu moja.

"Kesho nitawaambia nini watu, Mama? Nimeshawaalika."

"Waambie mwanzilishi wa duka hajafa. Kama hajafa, urithi unagawanywa wa nani?"

"Na funguo?"

"Funguo anazo anayefungua duka kila asubuhi. Ziache hapo hapo."

Fundi alikuwa amesimama mbele yao, faili kifuani. Alitaka kusema kitu kizuri. Kikatoka kilio kifupi cha ajabu, nusu yake kicheko, akajifuta uso kwa tepu.

"Na mimi je?" akauliza Meneja.

Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka mkasi. "Wewe njoo Jumatatu. Utaanza na vifungo."

"Vifungo? Bibi, mimi ni…"

"Vifungo," akasema Shangazi. "Na Fundi atakukagua."

Mimi niliyeshuhudia ubishi wa wawili hawa kwa sehemu sita zilizopita, sikutegemea kumwona Shangazi akimtengenezea Fundi kola ya gauni. Lakini alimtengenezea. Halafu akamvuta sikio kidogo, ili asizoee.

Saa tisa kasoro dakika tano. Miwani alikuwa ameshika pazia la dirisha namba nne alishushe, mwanamume mmoja akaweka mkono.

"Samahani, ndugu. Nimetoka mbali. Naomba hili tu."

Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, na mkoba wa ngozi kwapani. Akapitisha karatasi chini ya kioo. Miwani akaitazama namba. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akaitazama tena.

"Faili hili limetoka sasa hivi," akasema taratibu. "Una uhusiano gani na mwenye faili?"

"Mwenye faili alimuoa bibi yangu."

Fundi akageuka.

"Nina cheti cha ndoa," mgeni akaendelea, akikibana kwenye kioo. "Namba ya kibali cha bwana harusi ni hiyo hiyo. Jina ni hilo hilo."

Bwana Kanuni akasogeza uso. "Wake wawili?" akanong'ona, kama mtu anayeona ugonjwa mpya.

Fundi akasogea mpaka akaisoma tarehe. Akaisoma mara mbili. Ndoa ilifungwa miezi saba baada ya Bibi kuingia nchini. Na miezi saba kabla Babu hajaingia.

Akageuka benchini. Bibi hakuwepo. Alikuwa tayari mlangoni, anatembea haraka kuliko mtu yeyote wa miaka themanini na saba anavyoruhusiwa kutembea.

Fundi akamkimbilia, akamshika mkono kwenye ngazi.

"Bibi. Nitazame. Ulioa?"

Bibi akatazama kushoto, akatazama kulia, akahakikisha Shangazi hajatoka.

"Mara moja tu," akasema. Na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo.